Taarifa za Habari kama Zilipendwa: Uhakiki wa Kumbukumbu ya Sauti ya Kenya na KBC

Utangulizi

Mwaka 2021 Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) liliwarudisha mbele ya kamera watangazaji ambao watazamaji wengi walikwisha kuwaweka katika orodha ya mambo ya zamani. Mpango huo uliitwa Legends Edition, jina la Kiingereza lililobandikwa juu ya shughuli ambayo nusu ya mvuto wake ilikuwa Kiswahili. Miongoni mwa waliorejea alikuwamo Catherine Kasavuli, aliyeanzia Sauti ya Kenya kabla ya kuwa mmoja wa watangazaji wa mwanzo wa KTN, na Badi Muhsin, ambaye jina lake halitenganishwi na taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja jioni. Mapokezi yalikuwa ya furaha isiyo ya kawaida kwa taarifa ya habari. Watazamaji hawakuzungumzia habari zilizosomwa. Walizungumzia sauti, matamshi, mavazi, utulivu, na namna karatasi zilivyopangwa mezani.

Uhakiki huu unalichukulia tukio hilo kama matini na kuuliza swali moja: mtazamaji anaposema kwamba anaitamani taarifa ya habari ya zamani, anatamani nini hasa? Swali si la burudani tu. Taarifa inayotamaniwa ilikuwa ya kituo kimoja cha serikali, katika miaka ambayo mengi yaliyotendeka nchini hayakuruhusiwa kutajwa. Mhakiki anayeipokea hamu hiyo bila kuipima anaweza kujikuta akisifu ukimya. Anayeikataa kwa haraka naye anaweza kuwavunjia heshima watu ambao utoto wao ulipita mbele ya kisanduku hicho, kana kwamba hawakujua walichokuwa wakikitazama.

Istilahi na nadharia

Hamu ya yaliyopita iliingia katika taaluma kama ugonjwa. Johannes Hofer, katika tasnifu ya udaktari iliyowasilishwa Basel mwaka 1688, aliieleza kuwa maradhi ya watu walio mbali na kwao. Svetlana Boym, katika The Future of Nostalgia (2001), aliigawa hamu hiyo mara mbili: ile inayotaka kuijenga upya nyumba iliyobomoka, na ile inayokaa kwenye magofu ikiyatafakari. Mgawanyo huu unatumika sana, na una manufaa, lakini unaielekea mno Ulaya ya Mashariki baada ya 1989. Kwa Afrika, kitabu cha Jacob Dlamini, Native Nostalgia (2009), kinakaribia zaidi suala lililo mezani. Dlamini anaeleza jinsi Waafrika wa Afrika Kusini wanavyoweza kuyakumbuka kwa mapenzi maisha yao ya mtaani chini ya ubaguzi wa rangi bila kuutamani ubaguzi wenyewe. Zaidi ya hayo, anaigusa redio: chombo cha serikali kandamizi ambacho wasikilizaji walikifanya kuwa chao kwa namna ambazo serikali haikuzikusudia.

Hata hivyo Kiswahili kina neno lake ambalo wahakiki hawajalitumia vya kutosha, nalo ni zilipendwa. Neno hili lilizaliwa katika muziki, kwa nyimbo za miongo iliyopita zinazopigwa tena redioni. Sarufi yake inafundisha. Kiambishi zi- ni cha wingi wa ngeli za U-ZI na I-ZI, kwa hiyo kinaafikiana na nyimbo, lakini kinaafikiana vilevile na taarifa na habari. Kiambishi -li- kinaliweka pendo katika wakati uliopita bila kusema kama lingali hai. Kauli ya kutendwa inamficha mpenzi: zilipendwa na nani? Neno halijibu. Katika silabi chache kuna kitu, wakati, na mtu aliyefichwa, na hizo ndizo sehemu tatu ambazo mchambuzi wa hamu ya yaliyopita hulazimika kuzifuatilia.

Tofauti moja kubwa ipo. Wimbo wa zilipendwa una sahani au kanda. Unaweza kupigwa leo, na msikilizaji akagundua kwamba ulikuwa mzuri kuliko alivyokumbuka, au kwamba ulikuwa wa kawaida sana. Taarifa ya habari ya mwaka 1979 haipigwi. Pendo lake halikutani tena na kilichopendwa, na kwa sababu hiyo halipimwi.

Kituo na watazamaji wake

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, chini ya shirika lililokuwa limeundwa mwaka uliotangulia. Mtambo wa kwanza wa kurushia matangazo uliwekwa katika nyumba ya shambani huko Limuru, na mawimbi yake yalifika umbali wa takriban kilomita 24. Mwaka 1964 serikali ililitaifisha shirika, likageuka idara ya wizara na kuitwa Sauti ya Kenya. Kituo cha Mombasa kilifunguliwa mwaka 1970, kikipokeza matangazo ya Nairobi na kutayarisha baadhi ya vipindi vyake. Rangi zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Sheria ya mwaka 1989 ilirudisha jina la KBC, na mwaka 1990 KTN ilivunja upweke wa kituo kimoja.

Kilomita zile 24 zinastahili kukumbukwa kila mara msemaji anapotumia neno “sote”. Kumbukumbu nyingi za taarifa ya zamani zimejengwa juu ya neno hilo: sote tulikaa, sote tulitazama, nchi nzima ilinyamaza. Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi Wakenya walio wengi walisikia habari redioni, na televisheni ilikuwa chombo cha miji na cha wenye uwezo. “Sote” ya kumbukumbu ni watu wa sebuleni pamoja na watoto wa majirani waliosimama dirishani. Waliosimama dirishani, inafaa kuongeza, mara nyingi waliona picha bila kusikia vyema, na bado wanadai sehemu yao ya kumbukumbu hiyo. Wana haki ya kudai.

Seti zilipoenea mashambani, nyingi hazikuwa na umeme wa kuziendesha. Zilitegemea betri ya gari, iliyobebwa hadi sokoni kuchajiwa na kurudishwa kwa baiskeli au mkokoteni. Betri ilipokaribia kuisha, picha ilijikunja kutoka pembeni kuelekea katikati, uso wa mtangazaji ukasinyaa. Kwa hiyo seti haikuwashwa ovyo. Iliwashwa saa moja jioni kwa taarifa ya habari, labda tena kwa Vitimbi au Vioja Mahakamani, kisha ikazimwa. Hapa pana ufafanuzi wa sehemu kubwa ya uzito ambao watu wanausifu. Mtangazaji hakuheshimiwa kwa sababu ya sauti yake peke yake. Aliheshimiwa kwa sababu alikuwa amenunuliwa kwa gharama ya betri na kungojwa kutwa nzima. Mtu akigeuza antena nje huku mwingine akimpigia kelele kutoka ndani kwamba hapo hapo asiisogeze tena, habari inayofuata haiwezi kuwa nyepesi.

Hali hii haikuwa ya Afrika Mashariki yote. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema katika miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara, ambako serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu televisheni kuwa anasa, haikupata vituo hadi mwaka 1994. Mtu wa Bara aliyezaliwa miaka ya 1960 ana hamu ya redio: Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyoyajaza masikio yake. Hamu ya taarifa ya televisheni, kwa hiyo, ina mipaka ya nchi na ya tabaka, na kuiita ya Waswahili wote ni kuizidishia.

Neno la kwanza la taarifa

Anayekumbuka taarifa za miaka ya 1980 hukumbuka kwanza neno “Mtukufu”. Taarifa ilianza kwa Rais. Kama Rais alihudhuria ibada, ibada ilikuwa habari ya kwanza. Kama alitembelea shule, shule ilikuwa habari ya kwanza. Na matukio ya ulimwengu yalingoja zamu yao. Fomula yenyewe, “Mtukufu Rais Daniel arap Moi hii leo…”, bado inaigizwa na wachekeshaji, na hadhira hucheka kabla sentensi haijakamilika. Moi alipofariki Februari 2020 fomula hiyo ilirudi midomoni mwa watu kwa wingi, kwa kejeli na kwa simanzi kwa wakati mmoja.

Uchaguzi wa neno haukuwa mdogo. Kiswahili kinasema Kurani Tukufu na Mwezi Mtukufu wa Ramadhani. Wakristo humpa Mungu utukufu. Neno “Mheshimiwa” lingetosha kwa kiongozi wa nchi, na hilo lilikuwapo likitumiwa kwa mawaziri na wabunge. “Mtukufu” lilimwinua Rais kutoka daraja ya heshima hadi daraja ya ibada, na lilifanya hivyo kila jioni, kwa sauti tulivu isiyoonyesha kwamba jambo lolote limefanyika. Katika propaganda ya kelele msikilizaji hujua anapigiwa kelele. Katika taarifa hii alisikia Kiswahili kizuri.

Wema wa Kiswahili hicho haukanushiki, na mhakiki asiyeukiri hataielewa hamu yenyewe. Sentensi zilikuwa ndefu lakini zilisimama. Upatanisho wa kisarufi ulifuatwa hadi mwisho wa kishazi cha tatu. Vitenzi vya kunukuu vilipangwa kwa daraja: amesema, ameongeza, amesisitiza, ameonya. Majina ya mahali yalitamkwa kama wenyeji wanavyoyatamka. Kwa msikilizaji wa bara ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, matamshi ya watangazaji waliotoka pwani yalikuwa darasa. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na kizazi kizima kikapata sababu ya kuisikiliza taarifa kwa sikio la mwanafunzi. Sehemu ya hamu ya leo ni malalamiko ya wanafunzi hao, sasa wakiwa wazazi, dhidi ya watangazaji wanaochanganya ngeli na kuchomeka Kiingereza. Malalamiko hayo mara nyingi ni ya kweli. Tatizo ni kwamba yanahesabu ubora wa sentensi kama ushahidi wa ukweli wake.

Kisa kimoja kinatosha kuonyesha hatari iliyomo. Alamin Mazrui, mwanaisimu na mshairi wa Mombasa, alichapisha tamthilia ya Kilio cha Haki mwaka 1981. Mwaka uliofuata alitiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Kwa hiyo katika miezi ileile palikuwa na Kiswahili cha pwani cha aina mbili: kimoja kikiingia kila sebule saa moja kamili, kikisifiwa kwa ufasaha, na kingine kikiwa gerezani pamoja na mwenyewe. Lugha ni moja, fahari ya lugha ni moja. Hamu inayosema “Kiswahili cha enzi hizo” bila kutenganisha viwili hivi inamfungia Mazrui nje kwa mara ya pili.

Yaliyokuwa nje ya fremu

Februari 1984 wanaume wa jamii ya Wadegodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakauawa na vikosi vya usalama. Katika nusu ya pili ya muongo huo watu walioshukiwa kuwa wa Mwakenya waliteswa katika jengo la Nyayo House, katikati ya Nairobi. Mwaka 1988 wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya wagombea, na foleni fupi mara kadhaa ikatangazwa kuwa ndiyo ndefu. Mambo haya yalijulikana kwa minong’ono, barua, mahubiri ya makasisi wachache na, baadaye, kwa ripoti za tume. Taarifa ya saa moja haikuwa mahali pa kuyatafuta.

Je, watazamaji hawakujua? Hapa mchango wa Dlamini unasaidia. Mtazamaji wa kituo kimoja hujifunza kusoma kwa kinyume. Alijua kwamba waziri asiyeonekana kando ya Rais kwa wiki mbili yuko mashakani. Alijua kwamba onyo kali dhidi ya “wachache wasioridhika” maana yake ni kwamba wasioridhika si wachache. Alihesabu nani amesimama wapi katika picha. Taarifa ya serikali ilikuwa na hadhira iliyokuwa na akili kuliko taarifa yenyewe, na ustadi huo wa kusoma kwa pamoja, baba akikohoa mahali fulani na mama akibadilisha mazungumzo, ni kitu ambacho mtu mzima anaweza kukitamani leo kwa haki kabisa. Anachokitamani ni sebule yake. Kituo kilikuwa mgeni tu aliyekaribishwa humo.

Lakini hoja hii isivutwe mpaka ikakatika. Ustadi wa kusoma kwa kinyume ulihitaji fununu kutoka kwingine. Mtoto wa Nairobi hakuweza kuisoma Wagalla kwa kinyume, kwa sababu hapakuwa na picha wala sentensi ya kupindua. Kwa familia za Wajir, kumbukumbu ya taarifa tulivu ya jioni si zilipendwa. Hapa ndipo kauli ya kutendwa inapolazimika kumtaja mtenda wake: zilipendwa na waliokuwa na sebule ambayo habari mbaya haikuigonga.

Sura bila kanda

Kwa mtazamo huu Legends Edition inahitaji kusomwa upya. Kituo kilirudisha nyuso na sauti, kikazipa habari za mwaka 2021 zizisome. Kwa istilahi za Boym ilikuwa jitihada ya kujenga upya: nyumba ileile, taa zimewashwa. Kilichokosekana ni taarifa za zamani zenyewe. Mtazamaji alipewa sauti ya mwaka 1985 bila sentensi za mwaka 1985. Matokeo yake ni hamu iliyosafishwa, yenye kupendeza na isiyodhuru, ambamo sauti iliyowahi kutamka “Mtukufu” inakutana na hadhira bila kulibeba neno hilo.

Ingekuwa kosa kuwalaumu watangazaji. Walisoma walichoandikiwa, katika idara ya wizara, na nafasi ya kukataa haikuwapo. Lawama, kama ipo, inaelekea kwenye taasisi inayojua thamani ya sura zake kuliko thamani ya kanda zake. Vipande vya taarifa za zamani vinavyosambazwa mtandaoni vingi ni vya sekunde chache: muziki wa ufunguzi, nembo, tangazo la biashara la sabuni, kufunga matangazo kwa wimbo wa taifa. Ni maganda. Mtu anaweza kuyapenda kwa sababu hayasemi lolote.

Uhaba wa kanda si aibu ya Kenya peke yake. BBC yenyewe ilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili zitumike tena, kwa kuwa kanda ilikuwa ghali na hakuna aliyetarajia kwamba kipindi cha jana kingetakiwa kesho. Kwa taarifa ya habari mantiki hiyo ilikuwa kali zaidi: habari hufa usiku huohuo. Nchini Marekani taarifa za jioni za mitandao ya kitaifa zilihifadhiwa kwa utaratibu kuanzia Agosti 1968 kwa sababu Chuo Kikuu cha Vanderbilt kiliamua kuzirekodi kutoka hewani, na hata hapo vituo vya miji midogo viliachwa nje. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1992 kulazimisha matangazo ya redio na televisheni yahifadhiwe kama vitabu vinavyohifadhiwa. Sheria ya Kenya ya Vitabu na Magazeti, kama jina lake linavyosema, inashughulika na karatasi. Mtafiti anayetaka kujua Rais alisema nini tarehe fulani atalipata gazeti katika maktaba ya chuo kikuu. Anayetaka kujua sentensi hiyo ilisomwaje, ilitanguliwa na nini na ilifuatwa na kimya cha urefu gani, hana rafu ya kuiendea.

Mfano wa Vanderbilt una somo kwa vyuo vikuu vya eneo hili, kwani uhifadhi ule ulianza nje ya vituo. Idara za Kiswahili zimekusanya tenzi, methali na ngano kwa bidii ya kupigiwa mfano. Taarifa ya habari, iliyokuwa fasihi ya kila jioni kwa mamilioni kupitia redio na kwa maelfu kupitia televisheni, haijahesabiwa kuwa matini inayostahili daftari. Ni vigumu kueleza kwa nini mtindo uliounda masikio ya vizazi viwili usichambuliwe kwa makini yaleyale yanayopewa utenzi.

Wakati nao unapungua kwa njia iliyo wazi. Badi Muhsin alifariki Aprili 2021, miezi michache baada ya kurejea hewani. Catherine Kasavuli alifariki Desemba 2022. Leonard Mambo Mbotela, aliyejiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964 na kuendesha Je, Huu ni Ungwana? kwa miongo mingi, alifariki Februari 2025. Pale ambapo kanda hazipatikani, mtangazaji mwenyewe ndiye nyaraka: yeye ndiye anayeweza kueleza ni nani aliyeleta karatasi studioni, zilifika saa ngapi, maneno gani yalikatwa kwa kalamu na mkono wa nani.

Kisa cha Mbotela kinaonyesha nyaraka ya namna hiyo inaweza kubeba nini. Tarehe 1 Agosti 1982 askari waasi wa jeshi la anga walimtoa nyumbani kwake alfajiri, wakampeleka kituoni na kumlazimisha atangaze redioni kwamba serikali imepinduliwa. Baadaye siku hiyohiyo, vikosi vitiifu vilipokikomboa kituo, sauti yake ilitangaza kwamba serikali ya Moi imerudi. Wasikilizaji waliiamini mara zote mbili. Masimulizi ya siku hiyo yamesalia kwa sababu aliulizwa tena na tena, kila mwezi wa Agosti ulipofika, naye akasimulia kwa subira mpaka uzeeni. Kuhusu jioni za kawaida, ambazo hapakuwa na bunduki mlangoni na taarifa ilisomwa kama ilivyoletwa, maswali ya kuwauliza watangazaji wenzake walio hai ni mepesi kuandaa: karatasi ya kwanza ilitoka wapi, na iliyobaki mezani bila kusomwa ilihusu nini.